Sauti ya Saa Sita

Watoto wa Panda, mtaa wetu, walikuwa wakikimbia Bibiane alipowasalimu. Hakuwa na sura mbaya, wala hakuwa mkali. Ilikuwa ni sauti. Kwa miaka ishirini na sita alisoma matangazo ya vifo katika redio yetu ndogo, kila siku saa sita mchana, na hapakuwa na nyumba Likasi ambayo haikuwahi kumsikia akitaja mtu wake. Akiuliza bei ya samaki sokoni, muuzaji alijishika kifua kwanza, ndipo akajibu.

Mimi ndiye niliyemwandikia karatasi. Nilikuwa fundi wa mitambo na mwandishi kwa pamoja, maana hapakuwa na mwingine. Shule niliiacha mwaka wa tano; kuandika nilijifunza kwa magazeti yaliyofungiwa mikate. Watu walikuja na kilio chao, nami nikakipanga: jina la marehemu, jina la baba yake, kijiji chake, kisha ndugu wa kuarifiwa, wa Kambove, wa Kolwezi, wa Lubumbashi, hata yule mmoja aliyevuka kwenda Zambia akapotea. Bibiane alisoma polepole. Baada ya kila jina alipumua, ili aliye mbali apate nafasi ya kukaa chini. Siku hizi kifo kinatangazwa kwa simu, pamoja na vijisura vinavyolia. Mtu amekufa asubuhi, na kabla ya jua kuzama amesukumwa chini na picha ya viatu vya kuuza. Jina la baba yake halimo. Utajuaje aliyekufa ni nani?

Redio ilifungwa. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimwangusha Bibiane uani, akifua. Kilichukua mkono na mguu wa kulia, kikachukua na ulimi. Akili kilimwachia, na huo ndio ukatili wake. Alitutazama tukizungumza juu yake mbele ya macho yake, kama watu wanaozungumza kando ya jeneza.

Sephora, binti wa dada yake, aliyesomea kompyuta Lubumbashi, alileta kompyuta ya zamani na kitufe kikubwa alichokitengeneza kwa kifuniko cha kopo la maziwa. Kwenye kioo herufi zilipangwa safu kwa safu. Mwanga ulitembea juu yake, na Bibiane alipobonyeza kwa mkono wa kushoto, herufi ilibaki. Herufi zikawa neno, kompyuta ikalisema.

"Hii programu ni ya nani?" nilimwuliza.

"Ya kila muntu, papa Théophile. Wenye kuitengeneza banaiacha wazi. Unaikamata bure, unaangalia mu ndani, unarekebisha."

"Kintu yenye haina na mwenyewe iko na muzimu."

"Basi huyu muzimu iko na masomo kukupita," alisema, akacheka.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mwanamke wa mbali, wa pwani pengine, aliyejirekodi na kuwaachia watu wote bure. Alisema Kiswahili cha Biblia. Jeancy, mtoto pekee wa Bibiane, alicheka hadi machozi: "Mama amekuwa padri!" Bibiane hakucheka. Tulisubiri muda mrefu huku mwanga ukitembea. Aliandika kwamba huyo si yeye: HUYU HAPANA MINYE.

Ndipo Sephora akatuambia kwamba programu inaweza kupewa sauti ya mtu, ikiwa amerekodiwa saa nyingi. Inaikata vipande vipande, kisha inavishona upya kwa maneno mengine. Wote wakanigeukia. Chini ya kitanda changu, ndani ya gunia la unga, nilikuwa na kaseti arobaini na moja.

Zote zilikuwa za vifo. Nalisema hapa kwa sababu sijawahi kulisema. Jumapili Bibiane alikuwa akisoma salamu za harusi na za wazazi wapya, naye alisoma akicheka. Lakini kaseti zilikuwa chache, na watu walirudi kuomba nakala za misiba tu. Kwa hiyo nilirekodi misiba juu ya harusi. Mkono wangu huu ndio uliobonyeza.

Sephora alifanya kazi miezi mitatu. Umeme wa bwawa la Koni ulipita juu ya paa zetu ukienda migodini, nao ulitukumbuka siku ulipotaka. Mwishowe, adhuhuri moja, Bibiane akabonyeza, na sauti yake ikatoka:

"Jeancy." Pumzi. "Kuja kula."

Jeancy aliangusha kikombe. Mara lango likafunguka, akaingia jirani yao Colette, kitambaa amekifunga kiunoni, mkeka chini ya kwapa.

"Ni nani?" alilia. "Ni nani amekufa?"

"Hapana muntu, mama Colette. Ni bukari, imeiva."

"Bukari gani banaiita vile! Munataka kuniua minye?" Kisha, kwa kuwa mkeka alikwisha kuuleta, aliutandika akala nasi ule ugali.

Tulicheka sana siku ile. Bibiane naye alicheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Sauti aliihifadhi, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ilikuwa imejifunza kilio tu. Kila jina ililitaja kama la marehemu. Iliponiambia "Théophile, karibu," nilitazama miguu yangu kama bado inagusa udongo.

Mwezi wa kumi Jaël, mke wa Jeancy, alizaa binti. Katika ukoo wa Bibiane jina la mtoto hutajwa na bibi, kwa kinywa chake, mlangoni, juani, siku kitovu kinapoanguka. Yeye ndiye anayejua ni nani kati ya waliotangulia amerudi. Kabla ya hapo mtoto huitwa mgeni. Bibiane alikwisha kuamua: Suzanne, jina la mama yake. Tangu aanguke hakuwa ameomba kitu kingine. Alitaka kulitaja jina hilo kwa sauti yake mwenyewe.

Jaël alisimama mlangoni na mtoto. Bibiane alibonyeza.

Programu ilimtafuta Suzanne katika kaseti zangu ikampata mara moja tu: Machi 1994, siku Bibiane aliposoma tangazo la mama yake mwenyewe, maana alikataa kumwachia mtu mwingine maikrofoni. Ikamtoa vilevile. Jina, likivunjika katikati. Pumzi. Na nyuma yake, mlio wa kiti changu, nilivyosimama nikidhani anaanguka.

Jaël alikificha kichwa cha mtoto kifuani.

"Mama, unihurumie," alisema. "Lakini hii hapana mama. Hii ni ile siku ya kilio. Mutoto yangu hataingia mu nyumba kwa ule mulango."

Akaondoka naye kwenda kwa wazazi wake, Kamatanda. Siku ya tatu Jeancy alirudi kutoka huko, macho mekundu.

"Mutoto analia bila kuacha. Wazazi ya Jaël banasema, kama hana na jina, Siku ya Mungu pasta atamupatia ya kwao. Na Suzanne itakuwa imekwisha, mama."

Nilirudi nyumbani nikasikiliza kaseti zote arobaini na moja, siku mbili, nikitafuta Jumapili moja iliyonusurika. Kwenye ya kumi na saba, pale msiba mmoja ulipoishia kabla ya mkanda kwisha, niliikuta: sekunde nne za Bibiane, akicheka. Nilimpelekea Sephora.

"Tia hii. Tia hii mahali pa ile nyingine."

Alisikiliza mara tatu. Akanirudishia kaseti kwa mikono miwili.

"Papa, hapa hapana neno. Inaweza kucheka. Jina haiwezi kusema."

Bibiane alikuwa ametusikia. Mwanga ulitembea, ukarudi, ukatembea. TOA SAUTI YANGU. RUDISHA ULE MAMA WA MBALI. JAËL AKUJE.

"Kweli, tantine?" Sephora aliuliza. Bibiane alifumba macho, ambayo kwake ilikuwa ndiyo.

Jaël alikuja Jumamosi. Alibaki nje ya lango, mguu mmoja njiani. Bibiane akabonyeza, na yule mwanamke ambaye hakuwahi kumlilia mtu wetu yeyote akasema, bila uchungu wala furaha: "Mjukuu wangu, jina lako ni Suzanne. Karibu nyumbani."

Jaël alisubiri, shingo imeinama, akisikiliza kama kuna kitu nyuma ya maneno. Hapakuwa na kitu. Akaingia, akamweka mtoto katika mkono mzima wa bibi yake. Mimi nilikuwa karibu nao. Niliona midomo ya Bibiane ikifanya lile jina, kisha nikaisikia pumzi inayofuata jina. Jina lenyewe sikulisikia.

Sauti yake ya zamani hakukubali ifutwe. Imo bado ndani ya kompyuta, na ina karatasi moja tu ya kusoma. Aliiandika peke yake, herufi kwa herufi, kwa mpangilio wangu: jina lake, jina la baba yake, kijiji, ndugu wa Kambove, wa Kolwezi, hata yule wa Zambia. Tarehe ameiacha wazi. Alinionyesha pa kubonyeza.

"Minye ni mukubwa yako miaka kumi na moja," nilimwambia. "Na kama ninatangulia?"

NITASOMA YAKO, aliandika. UANDIKE MBELE YA WAKATI.

Nimeiandika. Iko katika gunia, pamoja na kaseti. Sijampelekea, maana nimefika kwenye ndugu wa kuarifiwa, na kila ninayemkumbuka tulikwisha kumtangaza.

Suzanne anatambaa sasa. Sephora ameliweka jina lake ili litoke kwa kubonyeza mara moja, na mtoto anakipiga kile kifuniko cha kopo kwa kiganja mchana kutwa. Yule mwanamke wa mbali anasema "Suzanne," na mtoto anageuka kumtazama Bibiane usoni, akingoja aseme tena.