Mtu Aliyekwenda Polepole Kasenga

Simu ya ofisini ililia Jumanne asubuhi. Karani mwenzangu akaipokea, akasikiliza, akanigeukia na kusema, "Rafiki yako wa pikipiki amekufa," kisha akarudisha mkono wa simu mahali pake. Basi, imekwisha. Nikaendelea na kazi iliyokuwa mbele yangu, saa ya kutoka nikatoka, nikanunua mkate, nikafika nyumbani nikamwambia mke wangu kwa sauti ile ile ambayo ningemwambia kwamba mvua imeanza. Yeye alilia. Mimi mpaka ninapoandika safu hii sijalia, na wale waliokuwa wakinitazama kwa jicho la pembeni kilioni waendelee tu kutazama, macho hayalipiwi kodi. Ndani yangu kumekufa ganzi, wala siwezi kuwadanganya wasomaji wangu kwamba kuna kingine.

Wengi wenu hapa Élisabethville mlimjua marehemu kwa sauti ya mashine yake kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa fundi katika karakana moja mjini, na jioni alitengeneza pikipiki za watu nyumbani kwake, upande wa Naviundu. Yeye alikuwa wa ukoo wa Mamba, mimi wa ukoo wa Samaki, na anayejua mila za Luapula anajua maana yake: tulikuwa watani tangu kabla hatujazaliwa. Nilikuwa na haki ya kumtukana mbele ya wakwe zake, naye alikuwa na haki ya kunywa chai yangu bila kuomba. Haki hizo tulizitumia zote bila kubakiza.

Ninayotaka kuwasimulia yalitokea wakati wa mvua, miaka michache baada ya vita. Mpima ardhi mmoja Mzungu, alipokuwa anarudi kwao Ulaya, alimwachia pikipiki ndogo iliyochoka, ya zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na mafuta. Mzungu yule alikuwa ameipitisha porini kote, mpaka silinda ikalika upande mmoja na pete za pistoni zikavunjika vipande. Ukiipiga teke ilikohoa mara moja ikanyamaza. Marehemu aliivua yote, akapanga vyuma vyake juu ya meza ya kulia chakula, na kwa majuma kadhaa mke wake aliandaa bukari, ugali wetu, sakafuni. "Mutani," mama yule aliniambia siku moja, "niambie ukweli. Huyu bwana alinioa mimi ao alioa hii mashini?" Nikamjibu kwamba Mamba huoa chochote kilicho na matope. Tulicheka sote, na mwenyewe alicheka kuliko sisi.

Silinda aliipeleka karakanani ikachongwa upya, akatafuta pistoni pana zaidi, na pale ndipo kazi yake ya kweli ilipoanza. Mnaojua mashine za namna hii mnajua kwamba ukuta wa silinda yake una madirisha ya kupitishia hewa na moshi. Ukishaichonga, kingo za madirisha zinabaki na makali, na pete ikipita pale inajikwaa inakatika. Kwa hiyo alikaa na tupa laini akizilainisha kingo zile, polepole, akipitisha kidole ndani, akipuliza, akianza tena. Tumbo la injini nalo lisipofungwa vizuri hewa inatoroka, basi akakata karatasi ya mfuko wa saruji, akaigongagonga pembeni kwa nyundo ndogo mpaka ikatoa umbo sawasawa. Nilikuwa nikikaa pale nikimchokoza. Hata mimi, nisiyejua kukaza msumari, nilipenda kutazama.

Vyuma vikiwa bado mezani, dereva wa lori la samaki akafika kutoka Kasenga, kwao marehemu. Walisimama barabarani wakazungumza wawili, mimi na mke wake tukiwa uani. Marehemu akarudi, akakaa, akachukua tupa yake. Mke akauliza kuna nini. "Mama iko naumwa," akasema. "Banasema niende."

Kwenda vipi sasa? Lori lile lilikuwa la mwisho kuvuka. Kesho yake maji yalibeba daraja la njia ya Kasenga, na malori yote yakasimama. Pikipiki peke yake ndiyo ingeweza kupakiwa katika mtumbwi na kuvushwa, nayo ilikuwa vipande vipande. Nikamwona mtani wangu anaongeza kazi, lakini si haraka. Bado anapuliza, bado anapima, bado anapitisha kidole. Mke wake akashindwa kuvumilia: "Mama mukwe iko naumwa, na weye unasugua vyuma! Hauna roho?" Yeye akapuliza tena. Hakuwa na uso wa huzuni wala wa hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali, na mimi nikauchukulia kuwa ugumu wa moyo.

Mashine ilipowaka, aliomba ruhusa ya safari, na mimi nikaomba ya kwangu, maana kuipandisha pikipiki mtumbwini kunataka wanaume wawili. Tukatoka asubuhi. Loo, safari ile! Injini iliyofunguliwa upya haikimbizwi. Pistoni na silinda havijazoeana, ukivichosha vinapata joto, pistoni inavimba na kukwama, na umekwisha. Kuizoeza taratibu hivyo sisi tuliita *rodage*. Basi tulikwenda kwa *rodage*, mwendo ambao baiskeli zilitupita, moshi nyuma yetu kama wa kuni mbichi. Kila kilima mimi nilishuka nikatembea. Kila baada ya kilima yeye alizima, akaweka kiganja juu ya silinda, akangoja ipoe.

Nilichemka mimi kabla ya silinda. "Piga gazi!" nilimwambia. "Mama anakungojea!"

"Hapana. Iko mu rodage."

"Rodage gani? Unapenda hii chuma kupita mama yako? Tutamukuta alishakufa!"

"Panda, tuende."

Nilimtukana njia nzima. Si matusi ya utani, yalikuwa matusi ya kweli. Nilimwambia mama anageuza macho mlangoni, anauliza mwanangu yuko wapi. Nilimwambia mama amekataa uji mpaka amwone yeye. Nilijitungia tu, nipate kumchoma. Yeye alitazama barabara mbele, na nilipochoka kusema alinigeukia akauliza, "Na sasa, anafanya nini?" Nikadhani ananidhihaki, nikaanza tena kwa nguvu zaidi. Mtoni tulivushwa na wavuvi, mvua ikatulowesha, na jioni ya siku ya pili tukaingia Kasenga bila injini kukwama hata mara moja.

Uani kwao watu walikuwa wamekaa juu ya mikeka, vichwa vimenyolewa. Mficha maradhi kilio humfichua, walisema wahenga, na mimi nilisimama pale nikiwa na helmeti mkononi kama mjinga. Dada yake mkubwa akaja akamshika mabega. "Kaka, umefika. Mama tulishamuzika. Siku tulimutuma dereva, alikuwa tayari mu udongo."

"Najua, dada," akasema. "Dereva aliniambia." Kisha akaketi mkekani kati ya ndugu zake, akafunika uso kwa mikono ile yenye mafuta, na sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia tena kwa mwanaume.

Hapo ndipo akili ilinirudia. Kwetu hakuna anayetumwa aseme "amekufa". Husemwa "anaumwa sana, uje", na kila mtu mzima anajua maana yake. Mimi niliyezaliwa katika kambi ya wafanyakazi, nikasomeshwa kuandika barua na kupokea simu, nililichukua neno kama lilivyo. Dereva alimpa neno likiwa limefungwa hivyo; yeye alilifungua kimoyomoyo, akalifunga tena kwa ajili yetu. Angalilitamka, mke wake angalipiga yowe, uwanja ungalijaa majirani, naye angaliketishwa chini mikono mapajani, kwa sababu mfiwa hagusi kazi. Pikipiki ingalibaki mezani, na matanga ya mama yake yangalivunjwa yeye hayupo. Kwa hiyo alinyamaza, akamaliza kulainisha kingo.

Siku hizi mji wetu unasema mambo waziwazi. Tuna simu, tuna matangazo, tunaona aibu kuzungukazunguka kama wazee, na ofisini ni kweli kunataka neno moja lililonyooka. Sijui kama tumepata faida. Najua tu kwamba Jumanne nilipewa kifo kizima mkononi, katikati ya kazi, na mkono haujaelewa umeshika nini.

Tulipokuwa tunarudi kutoka Kasenga, mashine sasa imelegea na inakwenda vizuri, nilimuuliza. Nilikuwa nimeona haya siku zote za matanga. "Juu ya nini haukuniambia? Uliniacha nikutukane bure."

Alipunguza mwendo ili nimsikie.

"Bote kule Kasenga balijua alishakufa. Mimi pia nilijua. Weye njo mutu moya tu mwenye alikuwa anasema mama iko muzima, ananingojea. Nilipenda niendelee kukusikia."

Ndugu wasomaji, mkitumwa kwa mtu na habari ya kifo, nawaomba msimshushie yote mlangoni. Mwambieni kwanza anaumwa. Mpeni njia ya kutembea, hata fupi, na kama anakwenda polepole, mwacheni aende polepole. Mimi sikupewa njia. Nimejaribu kuitengeneza mwenyewe hapa, kwa maneno haya, na nimeyaandika taratibu kadiri nilivyoweza, kwa sababu mpaka mstari huu mtani wangu alikuwa bado anaendesha.