Maana Mbili za “Fine”

Mdogo wangu alikuwa na mwaka wa pili Nairobi, akitengeneza simu, na Kiingereza kilikuwa kimemnogea. Hata akituandikia sisi wa Uvira, watu wa Kifaransa, alichomeka maneno yake mapya. Tulimcheka.

Kisha akawa kimya. Siku moja nikiwa sokoni ujumbe ukaingia: “Niko polisi. Fine.” Nilimpigia palepale. Simu ilikuwa imezimwa.

Nyumbani nilimkuta Mama akichambua ndagala, dagaa wa ziwani. Nikamsomea.

“Fine njo nini?”

“Njo kusema iko muzuri, Mama.” Ndivyo tulivyofundishwa shuleni.

“Muntu iko kwa polisi, na iko muzuri? Weye unaona hiyo inaenda pamoja?”

Sikuona. Nilijaribu namba ile mpaka betri ikaisha, nikakimbilia kwa jirani mwenye umeme wa jua, nikaendelea kupiga simu ikiwa bado kwenye waya. Niliporudi, ndagala zilikuwa juani bila mtu, na Mama alikuwa anafagia ua aliokwisha kuufagia asubuhi.

Papa, aliyefundisha Kifaransa sekondari hadi alipostaafu, alitoka na kamusi lake kubwa la Kiingereza na Kifaransa.

“Leta nione namna aliandika.” Alifuata mistari kwa kidole, bila haraka, nami nikatamani kumnyang'anya. “Neno hili Waingereza walilitoa kwa Kifaransa. Fin, mwisho. Kitu kilichofanyiwa kazi mpaka mwisho kinakuwa kizuri, wakakiita hivyo. Na malipo ya kumaliza kesi, nayo wakayaita vilevile. Sisi tunasema amande.”

“Basi wamemukamata!” Mama akasema.

“Pengine wamemupiga amande tu.”

“Na kama hana franga? Huo mwisho unasema, ni mwisho wa nini?”

Papa alifunga kamusi.

Kesho yake mchana simu iliita, namba nisiyoijua.

“Yaya, ni minye.”

Ilikuwa sauti ya mdogo wangu. Nilikaa chini. Alikamatwa kwa sababu karatasi yake ya kukaa ilikuwa imepitwa na muda. Tajiri wake alimlipia amande, wakamwachia.

“Na juu ya nini uliandika maneno matatu tu?”

“Askari alikuwa anavuta simu mukononi mwangu, Yaya. Nilitaka kuandika mingi.”

Mama alinipokonya simu. “Sema na Kiswahili! Uko muzima?”

“Niko muzima, Mama.”

“Ulikula?”

“Nilikula.”

“Walikupiga?”

“Mama, ninakuja.”

Alipitia Bujumbura, akavuka mpaka wa Kavimvira na begi moja, amekonda. Mama alimpapasa mbavu mbele za watu wote, akampiga kofi la mgongoni, kisha akalia.

Sasa anatengeneza simu hapa hapa, karibu na barabara kuu. Akichelewa jioni, hata kama ni kwa kinyozi tu, Mama anavaa kitenge chake cha kutokea na kuuliza nani anamsindikiza polisi.