Piko Yangu na Kidole cha Mama

Leo mashine imeonyesha moyo wangu haupigi.

Nimekwenda kliniki Makadara kwa wasiwasi unaoninyima usingizi, mamangu kanisindikiza. Kuna mashine mbili: ya kichwani yasoma ubongo, ya kidoleni yasoma moyo. Waangalia skrini, wajifunza kujituliza.

Ya kichwani ikagoma, nywele zimejaa mafuta ya nazi.

Ya kidoleni nayo ikagoma, mstari wa moyo kwenye skrini umelala. Piko ya harusi, ile rangi nyeusi ya mapambo, imenifika hadi ncha za vidole, mwanga wa mashine haupenyi.

"Hebu tujaribu kwa mama," daktari akasema.

Mamangu hajatia piko wala hina tangu babangu afariki. Kidole chake kikasomeka.

Mstari ukaruka kama wa mtu anayekimbizwa. Mwenyewe ametulia, anatabasamu.

"Mimi mzima, mwanangu."

Nimeinuka, nikampisha kiti cha mgonjwa.

Nyinyi mama zenu wakisema wazima, mwawaamini?