Eda ya Wiki ya Malori

Maka aliuza maziwa ya ngamia wa watu wengine. Kila asubuhi madumu yalishushwa kutoka kwenye pikapu sokoni Garissa, yakinukia moshi, naye akayapima kikombe kwa kikombe. Mchana alirudi kwenye chumba chake cha mabati huko mtaa wa Waberi. Wateja walimwita Mama Maziwa. Kijijini kwao El Geri, mbele ya Hadado, alikuwa mke wa Guleid, na jina hilo lilimtosha.

Miaka mitano ilikuwa imepita tangu koo mbili zigombanie kisima na El Geri ikateketea. Wanawake walikimbilia porini, kisha Wajir, kisha Garissa. Guleid alirudi nyuma kufungua zizi ili ngamia wasiungue, na hakuonekana tena, hai wala maiti. Wengine walizikwa. Yeye alikosekana tu. Maka hakukaa eda, maana eda hukaliwa kwa aliyekufa, na hakuna aliyemwona Guleid akifa.

Mwaka huu serikali ilitangaza kwamba watu wa El Geri watarudishwa kwao kwa malori. Koo zilikuwa zimepatana, kisima kimefukuliwa, na kila familia ingepewa kiwanja na mabati. Abdihafid, ofisa wa kuandikisha, aliweka meza yake kivulini mwa ukuta wa shule, na Maka akapanga foleni tangu alfajiri.

"Mkuu wa familia?"

"Guleid."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Eddo, shangazi yangu, fomu haina mahali pa sijui. Aje aweke kidole, au uniletee karatasi ya kadhi kwamba amefariki, uandikwe wewe kama mjane."

"Na nisipoleta?"

"Utabaki."

Nyuma yake, jirani yake Fowsiya alicheka. "Muue kwenye karatasi tu, abaayo, dada yangu. Akitokea akakuta nyumba mpya atakusamehe."

Foleni nzima ilicheka, na Maka pia. Lakini njiani alilipima neno hilo. Kama Guleid alikuwa hai, hakuijua Waberi. Alijua mahali pamoja tu duniani pa kumtafuta mke wake, na hapo ndipo malori yalipokuwa yakienda. Ili akamngoje, ilibidi kwanza aseme amekufa.

Akaenda kwa kadhi. Wazee wawili walishuhudia kwamba Guleid hajaonekana wala kusikika kwa miaka mitano. Kadhi akawapa siku, akawaita tena, akauliza upya. Hukumu ikatoka Jumanne. Malori yalikuwa yaondoke Alhamisi.

"Kuanzia leo, Guleid anahesabiwa marehemu," kadhi alisoma. Maka alinyoosha mkono kuipokea karatasi, lakini kadhi hakuwa amemaliza. "Na eda yako inaanza leo. Miezi minne na siku kumi, katika nyumba unayoishi."

"Sheikh, Alhamisi tunarudishwa kwetu."

Kadhi aliweka kalamu chini. "Mjane akipatwa na dharura, huhama. Kuna anayekufukuza hapo ulipo?"

Maka alimfikiria mama mwenye nyumba, ambaye hajawahi hata kumpandishia sauti.

"Hapana."

"Unaogopa mtu? Nyumba inataka kuanguka?"

"Hapana."

"Basi kaa umlie mumeo, mwanangu. Hujamlia."

Uongo mmoja mdogo ungemtosha. Lakini alikuwa amesimama mbele ya Mungu akaomba mumewe aandikwe maiti, na hakuweza kuongeza neno jingine juu ya hilo. Tena, hukumu iliposomwa, kitu ndani ya kifua chake kilichokuwa macho miaka mitano kililala chini.

Alimpa Fowsiya karatasi aipeleke kwa Abdihafid. Jibu lilirudi kabla ya magharibi: kiwanja ni cha anayeshuka kwenye lori. Hakuna kuwekewa.

Alhamisi asubuhi Fowsiya alikuja kuaga. Alimkuta Maka amekaa juu ya mkeka, amevaa nyeupe ya eda toka kichwani hadi miguuni.

"Ungesema paa linavuja."

"Halivuji."

"Mimi ningesema."

"Najua ungesema. Wewe hata mvua ungeileta."

Fowsiya alicheka kidogo, kisha akaziba uso kwa mtandio. Nje, honi zilikuwa zimeanza kuita watu. "Abaayo, na nikimwona huko nimwambie nini?"

"Hutamwona," Maka alisema, na akaisikia sauti yake ilivyotulia, kama ya mtu anayetaja jina la siku.

Malori yalipita barabara ya nyuma. Hakusimama kuyatazama. Alisikia watoto wakiimba juu ya mizigo, mbuzi wakilalamika, na gia nzito zikibadilishwa kwenye kona. Halafu akasikia kuku wa jirani.

Siku ya tisa Fowsiya alipiga simu. Mtandao ulikuwa ukikatika. Kisima kilikuwa na maji, alisema, ila machache na ya chumvi. Kiwanja cha Guleid alikuwa amepewa mtu aliyeongezwa mwisho wa orodha, mwenye watoto sita. Tayari walikuwa wamesimamisha nguzo.

"Wana haki," Maka alisema.

"Eda ikiisha utakuja?"

"Nije kwa nani?"

Mtandao ulimeza jibu la Fowsiya. Maka aliweka simu juu ya mkeka. Siku zake zilikuwa tisa. Zilizobaki zilikuwa nyingi, na mwisho wake hapakuwa na lori, wala mume wa kungojwa.