Bonge la Udongo Darasani

Jumamosi iliyopita nilipita sokoni Matema, vyungu vimepangwa mchangani, nikamsikia mama mmoja akimweleza mwenzake kwamba mwanawe kafukuzwa darasani kwa kutotulia. Ndugu yangu, damu ilinichemka. Mtoto asiyetulia namjua vizuri, maana nilikuwa mimi.

Kwetu ufukweni hakuna aliyeketi mikono mitupu. Bibi alinilea kwenye vyungu. Tukishakula kiporo cha wali kwa usipa, dagaa wa ziwa letu, tunaukanda udongo mpaka unalainika, yeye akisimulia, mimi nikisikiliza. Alikuwa akisema mikono ikilala, na masikio yanalala. Nikadhani watu wote husikiliza hivyo.

Kumbe shuleni walikuwa na imani nyingine: funga mikono, funga mdomo, tazama ubao. Nikifunga mikono, sauti ya mwalimu inakuwa kama mvua juu ya bati, naisikia lakini siambulii neno. Basi nikawa nagonga dawati, nachokonoa ukuta, nasuka nywele za jirani. Nilichapwa hadi nikazoea. Mwalimu mkuu akaapa kwamba kosa moja tena, narudishwa nyumbani moja kwa moja nikafinyange.

Mwalimu wetu wa darasa la nne, mwanamke mfupi wa Busale asiyejua kunong'ona, hakunichapa. Siku moja alikuja kwetu kununua chungu, akanikuta nakanda huku namrudishia bibi hadithi yake yote bila kuruka kitu. Kesho yake akanisimamisha nyuma ya darasa na bonge la udongo juu ya kipande cha gunia. "Kanda," akasema, "lakini nikikuuliza, unijibu." Nikawa najibu. Muhula ule ndipo nilipoanza kusoma.

Mwalimu mkuu alipoingia na kuona matope, alikuja juu. "Udongo uwahi ungali maji!" akafoka, fimbo mkononi, na bonge langu akalitupa chini. Akaniamuru nitaje mito inayoingia Ziwa Nyasa huku kwetu. Nikakwama.

"Umeona?" mwalimu mkuu akamgeukia mwalimu wangu.

Mwalimu wangu akainama, akaliokota bonge, akanitia mkononi mbele ya macho ya mkuu. "Udongo hauwahiwi kwa fimbo, mwalimu mkuu. Muulize tena."

Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo. Niliitaja nikikanda, machozi yananitoka. Mwalimu mkuu akatoka bila kuaga, na mimi nikabaki shuleni. Bibi aliposikia, alimpelekea mwalimu chungu kipya cha kupikia ndizi za mbalaga. "Ndaga fijo," alimshukuru kwa lugha yetu.

Bibi na mwalimu wangu, wote wawili tumeshawazika. Nyumbani maji yanakaa kwenye ndoo za plastiki, si kwenye vyungu tena, na darasa lile lina sakafu ya saruji ambayo mtoto haruhusiwi kuichafua. Inaniuma. Lakini sikubali kuambiwa kwamba kuna mtoto asiyefundishika. Anayemtoa mtoto darasani anieleze kwanza amejaribu njia ngapi, na fimbo asiihesabu. Hiyo niliionja miaka mitatu, haikunifundisha hata mto mmoja.