Bunduki Mbili na Sauti ya Akinyi

Mpunga unapokaribia kukomaa huwa na harufu yake, na aliyekua nayo hawezi kuisahau. Ni harufu ya maziwa yanayoanza kuchacha, ya matope ya mfereji yaliyochomwa na jua la adhuhuri, na ya majani mabichi yaliyokanyagwa. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilipokuwa darasa la saba, harufu hiyo iliingia nyumbani kwetu pamoja na hofu. Tuliishi uwanda wa Kano, si mbali na Kisumu, mahali ambapo maji ya mto huelekezwa mashambani kwa mifereji kabla hayajafika ziwani. Punje zikishaanza kutia maziwa, ndege walikuwa wanajua hata kabla yetu. Walikuja kwelea, vindege vidogo vyenye midomo myekundu, maelfu kwa maelfu, na kelele zao zilikuwa kama mvua juu ya mabati. Ndege mmoja hali kitu cha maana, lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichokuwa kikijaa ni cha kwao. Mpunga ule ndio uliokuwa chakula chetu cha mwaka mzima na karo yetu, kwa hiyo ilikuwa lazima mtu akae shambani kuamia ndege, kuanzia alfajiri hadi jua litue, kwa majuma sita.

Baba alikuwa fundi wa pampu ya maji na hakuweza kuacha kazi. Mama aliondoka kila siku kabla ya mapambazuko kwenda Dunga kununua samaki, akarudi kuwauza sokoni Ahero. Wadogo zetu wawili, pacha Opiyo na Odongo, walikuwa bado wanaogopa hata kuku. Tulibaki Akinyi na mimi. Akinyi alinizidi mwaka mmoja, lakini tulikuwa darasa moja kwa sababu pacha walipozaliwa alikaa nyumbani mwaka mzima kuwalea. Hilo halikumzuia kuwa wa kwanza darasani muhula baada ya muhula, huku mimi nikipanda na kushuka kati ya nafasi ya kumi na ya ishirini. Usiku mmoja baada ya chakula baba alituita, akatutazama kwa zamu, na nikajua anachotaka kusema. Nikakohoa. Sikuwa na kikohozi. Nilikohoa mara tatu, kwa ustadi, nikashika kifua. Baba akamgeukia dada yangu.

"Akinyi, nyathina, wewe uko na sauti. Atieno hana. Ni wiki sita tu."

Kweli alikuwa na sauti. Mwanangu huyu, kama alivyomwita baba kwa Kiluo, akikuita kutoka kwenye pampu ulimsikia ukiwa barabarani, na mama alizoea kumtania kwamba ipo siku mdomo utamponza kichwa. Siku hiyo hakuna aliyetania. Akinyi aliuliza jambo moja tu: mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebaki majuma matano, je, atausoma lini? Baba akasema tutaona. Mimi nililala vizuri usiku ule, na sijawahi kujisamehe kwa usingizi huo.

Basi kazi ikaanza. Katikati ya shamba palikuwa na dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, na juu yake Akinyi alikuwa na debe, fimbo, kombeo na rundo la madongo makavu. Ndege wakitua, alipiga debe, akarusha dongo, akapiga ukelele mrefu uliopanda mwishoni. Wakaruka, wakazunguka, wakatua upande wa pili. Jioni nilipotoka shule nilimpelekea daftari langu. Alinakili yote akiwa amesimama, jicho moja likiwa kwenye mpunga, na mara nyingi alinionyesha mahali ambapo mimi niliyekuwa darasani sikuelewa. Kufikia juma la pili sauti yake ilianza kukwaruza.

Ndipo mjomba Okello akaja kutoka Kisumu na bunduki. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa mwenye duka moja la vyuma, na bosi wake alipohama alimwachia bunduki ya upepo. Ilikuwa nzuri kuitazama, kitako chake cha mti kinang'aa kwa mafuta. Unaikunja katikati kwa nguvu, unatia kidonge cha risasi kidogo kama punje ya mtama, unaikunjua, basi. Baba aliishika, akaipima uzito mikononi, na nikaona uso wake ukilegea kwa mara ya kwanza tangu mpunga utie maziwa. Akasema mbele yetu sote kwamba ikifanya kazi, mjomba atalinda shamba muda wake wote wa likizo, na Akinyi atarudi shule Jumatatu.

Tulikwenda shambani wote. Mjomba alipiga goti, akalenga, akafyatua. Pfu! Mlio wenyewe ulikuwa kama wa mtu anayetema mbegu ya chungwa. Ndege mmoja alianguka. Wale waliokuwa karibu naye waliruka wakatua hatua tatu mbele, na wengine maelfu hawakunyanyua hata vichwa. Mjomba alirudia, tena na tena, na kila alipoua mmoja alitutazama kama tunaopaswa kupiga makofi.

"Haina makelele hata kidogo," akasema. "Simba mwenda pole ndiye mla nyama, bana."

"Shemeji," baba akamjibu taratibu, "mimi sitaki nyama. Mimi nataka hawa waende."

Tulikula ndege wa kuchoma kwa siku tatu, watamu, huku mpunga ukiliwa. Akinyi alirudi kwenye dungu. Lakini jambo moja lilikuwa limemkaa kichwani, maana yeye hakuweza kuona kitu bila kukiuliza maswali. Alimwomba mjomba atundike debe kuukuu kwenye mti, kama hatua sabini hivi, alilenge kutoka mbali. Yeye akajilaza nyuma ya ukingo wa mfereji, karibu na debe, akanilaza pembeni yake, akaniambia nifumbe macho nisikilize. Pfu, kisha ting! Akaniuliza nimesikia nini. Nikasema nimesikia bunduki.

"Umesikia mara mbili," akasema. "Kwanza sauti, halafu risasi ndiyo inafika. Sauti ni Opiyo, risasi ni Odongo." Kwetu pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Opiyo, na anayemfuata ni Odongo. "Ndiyo maana mjomba anakosa wale wa mbali. Ndege anayelengwa anasikia kwanza, anasogea kidogo, risasi inakuta hewa."

Alikuwa na miaka kumi na minne. Hakuna mwalimu aliyekuwa amemwambia kwamba sauti ina mwendo. Aliligundua hilo akiwa amelala kwenye matope, na mimi nikamwambia twende, naumwa na mbu.

Jumamosi iliyofuata baba alileta mtu mwingine. Huyu alikuwa mtu wa kwetu aliyepata cheo kikubwa, akajenga Milimani, mtaa wa wakubwa kule Kisumu, na alikuwa na kibali cha bunduki ndogo ya risasi za baruti, ile watu waliyoiita pointi tuutuu. Wenye kujua bunduki wanasema hiyo ni mtoto kati ya bunduki. Kwa sisi ilikuwa ajabu. Alifyatua mara moja tu, na mlio ulipasua hewa kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho wake, mkali kama mjeledi. Kundi zima likanyanyuka, uwanda ukaingia kivuli, na ndege wakaondoka kabisa kuelekea kwenye mafunjo ya ziwani. Hawakurudi mpaka jioni. Mama alicheka kwa sauti, akaweka mikono kichwani. Akinyi yeye alikimbilia nyuma ya ukingo wa mfereji, akamwomba yule bwana alilenge lile debe la mtini. Aliporudi macho yalikuwa yanamwaka.

"Atieno, hii haina Opiyo wala Odongo! Wanakuja pamoja. Pengine hata Odongo anatangulia!"

Lile debe lilikuwa na mashimo mawili, la kuingilia na la kutokea. Vile vidonge vya mjomba vilikuwa vimelibonyeza tu.

Yule bwana alikubali kulala kwa ndugu zake na kufyatua Jumapili pia, na akaahidi kwamba angechukua likizo, aje kila siku hadi mavuno. Jumapili baada ya kanisa Akinyi alifua sare yake, akaianika juu ya ua, akakaa karibu nayo kama mtu anayelinda mtoto. Mchana ule bunduki ililia mara tano. Baada ya mlio wa tano tulisikia mayowe ng'ambo ya mfereji mkubwa, mbali sana, kwenye boma ambalo hatukudhani lina uhusiano wowote na sisi. Risasi ilikuwa imevuka shamba letu, ikavuka mashamba mengine, ikatoboa bati la jiko la mama mmoja aliyekuwa akipika, ikapita juu ya kichwa chake. Hakuumia. Lakini chifu alikuja kabla jua halijatua, akasema kwamba hataki kusikia tena mlio wa bunduki mahali penye watu. Yule bwana akaingia kwenye gari lake, akarudi Milimani, na hatukumlaumu.

Kwa hiyo bunduki moja ilikuwa bubu na nyingine mkono wake ulikuwa mrefu mno, na kati yao hakuna iliyoweza kufanya kazi ya mtoto wa kike mwenye sauti. Asubuhi ya Jumatatu nilivaa sare yangu. Ya Akinyi ilikuwa bado kwenye ua, imekauka. Aliitoa, akaikunja vizuri, akachukua debe.

Siku ya mtihani dawati lake lilikuwa na namba iliyoandikwa kwa chaki, na msimamizi aliita jina lake mara mbili. Mimi nilijibu swali moja la hesabu kwa njia aliyonifundisha akiwa amesimama kwenye dungu. Nilipita, si sana, ila nilipita. Mpunga nao tulivuna nusu. Mwaka uliofuata Akinyi aliambiwa arudie darasa, akasema anaona haya kukaa na watoto, na hakuna aliyembembeleza vya kutosha, mimi nikiwa wa kwanza. Akaolewa ng'ambo ya mfereji, kwenye mpunga mwingine.

Mimi sasa ni mwalimu wa fizikia Kisumu. Kila mwaka nawatoa wasichana nje, tunapiga makofi mbele ya ukuta, tunapima mwendo wa sauti, na kila mwaka wanafurahi. Mwaka jana nilikwenda kumwona dada. Mashamba mengi sasa yamezungushiwa kanda za plastiki zinazometameta, na ndege wamekwisha kuzizoea, wanatua juu yake. Tuliketi kwenye dungu lake, tukala mahindi. Sauti yake imekwisha kabisa, anaongea kama mtu mwenye koo lililofungwa. Nikamwambia, sijui kwa nini siku hiyo, kwamba ule mchezo wake wa debe upo vitabuni, kwamba alikuwa sahihi kwa bunduki zote mbili, kidonge cha upepo huachwa nyuma na sauti yake, na ile nyingine huondoka mbele ya mlio wake.

Aliweka gunzi chini. "Wewe ulijua lini?"

"Nikiwa kidato cha tatu."

"Na unaniambia leo."

Ndege walikuwa wametua upande wa mashariki. Akinyi alisimama, akafungua kinywa kupiga ule ukelele wake, na hapakutoka kitu, pumzi tu. Akaniangalia, akanisukumia debe na fimbo.

"Piga basi," akasema. "Wewe hujawahi kupiga."

Nikapiga. Walinyanyuka wachache, wakatua palepale.