Nilipima sahihi badala ya mkate, nikamharibia mama wa Kigamboni biashara

Wakuu, salaam. Mimi ni mzee wa miaka sitini na kitu, shule niliishia kidato cha nne. Haya yamenitokea mwenyewe na kosa ni langu, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Nina bekari ndogo Keko, katikati ya mafundi samani. (Vumbi la mbao tunalijua, madirisha tumeziba.) Mkate wote ulikuwa unatoka hapo kwa kirikuu mbili, vile vigari vidogo vya mizigo. Moja inaenda Mwenge, nyingine inavuka na pantoni kwenda Kigamboni.

Nikaweka kipimo kimoja tu cha kazi. Delivery note, karatasi ya kupokelea mzigo, iwe na sahihi ya mwenye duka kabla ya saa moja asubuhi. Dereva akichelewa mara tatu kwa wiki, hana kazi.

Mwezi wa kwanza ruti ya Kigamboni ilichelewa sana, nikampa dereva onyo la mwisho. Mwezi wa pili haikuchelewa hata siku moja. Nikawa natamba kwa wenzangu kwamba nimeinyoosha.

Sasa huko Kigamboni nina mteja, Mama Neema, mjane, ana kibanda cha chai jirani na shule. Walimu walikuwa wanakunywa chai kwake kabla ya kengele. Mkate ukichelewa, siku yake imekufa.

Akanipigia. "Shikamoo mzee. Mkate unafika saa tatu. Walimu wanahamia kwa jirani."

Nikafungua faili. "Mama, hapa pana sahihi yako ya leo, saa kumi na mbili na nusu."

"Haya mzee," akasema, akakata simu.

Nilijiona nimeshinda. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wiki chache baadaye nikapanda kirikuu na Saidi, dereva wa ruti ile, bila kumpa taarifa. Foleni ya pantoni ilitushika hadi jua likawa kali. Tukafika kwa Mama Neema saa tatu kasoro, benchi zote tupu.

Nikamwomba Saidi delivery note ya siku ile. Ilikuwa imesainiwa tangu jana yake, na saa kumi na mbili na nusu imeshaandikwa.

Saidi akasema, "Bosi, ulitaka saa moja. Nimekuletea saa moja."

"Aliniomba nimsainie mapema, ana watoto wanne," Mama Neema akadakia. "Ungemfukuza. Mie ningefanyaje?"

Wakuu, nilimlazimisha mama yule achague kati ya kibanda chake na watoto wa mtu.

Saidi sikumfukuza. Nilikodi chumba Kigamboni kikawa stoo. Mkate unavuka jioni, unalala upande ule, asubuhi bodaboda inagawa. Sahihi nimeacha kuzitegemea; nawapigia wenye maduka na kuwauliza, chai ya kwanza ilikuwa na mkate?

Mama Neema nilimpelekea mkate wa kwanza kabisa, alfajiri. Akapokea kwa heshima zote.

"Asante mzee, ila walimu hawajarudi. Siku hizi nasukuma chapati, nauzia mafundi ujenzi."

Stoo yangu inaonekana kutoka kibandani kwake. Nikipita ananiamkia, ananikaribisha chai. Mkate hachukui.

Kwa mnaosambaza bidhaa: mteja akisema mzigo umechelewa na karatasi ikasema umewahi, nenda kasimame dukani kwake kwanza.

Nyie mnapimaje kazi zenu? Na huyu mama nimfanyie nini, bila kumdhalilisha? Nishaurini, hata kunisema ruksa.